Firigisi ya Mshenga

Katika mtaa wa Mpatamatu, pale Luanshya penye shaba, ndoa nyingi zilizosimama zilisimamishwa na mtu mmoja. Hakuwa padri wala karani wa boma. Alikuwa Mzee Kapambwe, mchimba shaba mstaafu, mrefu, mwenye masikio makubwa, na kazi yake ilikuwa ushenga. Wabemba humwita mtu huyo shibukombe, na zamani walimwamkia kwa kuchutama na kupiga makofi, hata wale waliomzidi umri.

Alipotumwa kuposa alibeba sahani mbili za bati zenye ukingo wa buluu, moja imeifunika nyingine, ndani shanga nyeupe na sarafu moja, zote zimefungwa kwa kitambaa cheupe. Alifika kwa wazazi wa binti, akakaa chini karibu na mlango, akaziweka sahani mbele yake na kuzungumza habari za mvua, mihogo na mgodi. Binti hakumtaja kabisa. Sahani zikifunguliwa, neno limepokelewa. Zikirudishwa zimefunikwa vile vile, aliaga akaenda zake, na hakuna aliyekuwa amemtukana mwenzake. Familia zenye majivuno zilikataana kwa njia hiyo miaka na miaka bila kuchukiana. Siku hizi vijana hutongozana kwa simu, hukataana kwa simu, na kidonda hukaa nacho mfukoni mchana kutwa.

Kazi ya mshenga haikuishia siku ya arusi. Chungu kikipata ufa aliitwa yeye, kwa kuwa aliyefunga fundo ndiye anayejua lilipo. Hapo Kapambwe alikuwa na ujuzi ambao hakufundishwa na mtu. Hakupoteza muda kutafuta mwenye kosa. Alitafuta mwenye haja. Anayemhitaji mwenzake zaidi, huyo ndiye atakayepiga magoti aseme nimekosa, awe amekosa au hakukosa. Wanaume wangapi walikiri mbele yake mambo ambayo hawakuyaota hata ndotoni! Kuku mweupe alichinjwa, watu wakala, na kesho yake hakuna aliyeuliza kosa lilikuwa nini. Firigisi, ambayo katika nyumba zile hailiwi na mtu ila mwenye nyumba, siku hiyo alipewa mshenga. Hiyo ndiyo iliyokuwa ada yake.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Mwelwa. Walifanya kazi chini ya ardhi zamu moja miaka ishirini na miwili, wakavuta vumbi moja, ila vumbi lilichagua kifua cha Mwelwa. Mwanawe Mwelwa, Katebe, alipopata kazi ya bima huko Lusaka na kumpenda binti aitwaye Mwenya, ni Kapambwe aliyezibeba sahani. Zilifunguliwa siku hiyo hiyo. Mwenya alikuwa binti wa watu wa ofisini, amekulia ndani ya ukuta na lango la chuma. Babu zake na bibi zake aliwajua kwa picha zilizotundikwa sebuleni.

Katebe na Mwenya wakamzaa Nkandu. Mtoto alipotimiza miaka sita aliletwa Mpatamatu likizo nzima, na huko akakuta kitu ambacho hakikuwapo kwao: utani. Siku ya kwanza tu Mwelwa alimpakata akawatangazia majirani kwamba ameoa tena, na safari hii amepata mke mwenye meno machache ili asimalize nyama. Mkewe, Mama Katebe, akashika kiuno. Akasema nyumba hii ina mke mmoja, na huyo mke mwenza aliyetoka Lusaka arudi huko huko na kiburi chake. Nkandu alishtuka kidogo, kisha akaelewa, na alipoelewa hakushikika. Aligombania kiti cha babu. Aligombania kumpelekea maji ya kunawa. Kuku alipochinjwa, alisimama jikoni mikono nyuma akidai firigisi ya mume wake aipeleke mwenyewe, na Mama Katebe akampa huku akisonya na kulalamika kwamba uzee ni msiba. Mwelwa aliikata firigisi vipande viwili, kimoja akamlisha yule mdogo. Mtaa mzima ulicheka. Hakuna aliyeona ajabu. Kila aliyekuwa pale aliwahi kuwa mke wa babu yake au mume wa bibi yake, na hivyo ndivyo walivyofunzwa kupika, kuamkia na kunyamaza.

Likizo ikaisha. Shuleni Lusaka mwalimu akawaambia watoto wachore watu wa kwao. Nkandu akachora mzee mwenye fimbo, akasimama mbele ya darasa, akasema huyu ni mume wangu, anaishi Luanshya, tunakula wote firigisi.

Mwalimu alimpigia mama yake simu kabla ya saa ya chakula. Aliletwa mama mmoja mwenye sauti laini, akamkalisha mtoto siku tatu na midoli na maswali. Daktari naye akampima. Hakikuonekana kitu. Lakini hofu ikishaingia nyumbani haiulizi kama kuna kitu. Mwenya alimwambia mumewe kwamba mtoto hatakwenda tena Luanshya, na wazee wasikanyage kwake. Katebe akasema si kweli, ni utani tu, kisha akanyamaza, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda amani. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume. Mwelwa na mkewe hawakuwahi kumwona hata picha.

Miaka mitano ilikwenda hivyo. Kitu kimoja tu kilibaki, na walikijua wanne: kila mwisho wa mwezi Katebe alimchukua Nkandu garini kama anayekwenda dukani, akaegesha mahali, akapiga simu ya mama yake. Dakika mbili, tatu. Mama Katebe alikaa na simu mapajani tangu asubuhi. Mtoto aliuliza habari za kuku, habari za kikohozi cha babu, kisha akasema kwaheri, mke mwenza. Mwelwa hakupewa simu. Katebe aliogopa neno mume wangu lisije likamtoka mtoto nyumbani. Mzee alikaa upande wa pili wa ukuta akimsikiliza mkewe akicheka.

Kapambwe alikwenda kwao kila Jumapili baada ya ibada. Alichukua togwa, akakaa nao, akawaeleza habari za mashauri aliyowahi kuyamaliza, magumu kuliko lao. Ndiye aliyewashika mkono. Majirani waliwahurumia pia, lakini kwa namna ya watu wanaohurumia mvua ikinyesha kwa wengine.

Mwaka wa tano, mwezi wa Agosti, hospitali ilimrudisha Mwelwa nyumbani na kumwambia ale anachopenda. Akaelewa. Jumapili hiyo alimwambia Kapambwe, akipumzika kila baada ya maneno matatu, kwamba hadai mali wala haki. Anataka mtoto yule aje, amwite mume wangu mdomo kwa sikio, mara moja. Basi.

Kapambwe alikwenda nyumbani, akazitoa sahani chini ya kitanda, akazisugua kwa majivu.

Huko Lusaka mlinzi wa lango alimuuliza kama ana miadi. Akajibu kwamba mshenga hana miadi, ana ujumbe. Mlinzi akacheka, Katebe akatoka kumfungulia. Ndani Kapambwe alikaa chini karibu na mlango kama inavyotakiwa, na Mwenya akamkimbilia kwa haraka ya kweli, akamwinua, akamketisha kwenye kochi, asije akaonekana anatesa wazee. Kapambwe akaziweka sahani juu ya meza ya kioo.

“Asante, Baba,” Mwenya alisema, “lakini tumeshakula.”

Katebe alizitambua. Alioa kwa sahani hizo hizo. Aliinama akatazama simu yake.

Mzee alizungumza habari za mvua. Mwenya alimsikiliza kidogo, kisha akamkatiza kwa adabu. Hakuwa mwanamke mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu.

“Baba, mimi sina chuki na mtu. Lakini mtoto wangu wa miaka sita alisimama mbele ya darasa akasema ana mume. Ungekuwa wewe ungefanya nini?”

“Ningecheka, mwanangu.”

“Ndiyo maana siwezi kuwapa mtoto.”

Kapambwe akamweleza taratibu. Akamwambia mama yake Mwenya mwenyewe, kama alizaliwa na Wabemba, alishawahi kuwa mke wa babu yake. Mwenya alikuwa akizungusha pete. Mwisho akasema huenda ni kweli, na kama ni neno tu, si vigumu kulikana. Mzee aandike kwamba alimwita mtoto hivyo na kwamba alikosa. Atie sahihi. Isomwe kanisani kwake, watu wasikie. Baada ya hapo watazungumza.

Moyo wa Kapambwe uliruka. Katika ushenga wake wote, mtu aliyekasirika akishataja anachotaka, shauri limekwisha, limebaki kupikwa.

Hapo Nkandu akaingia na glasi ya maji juu ya sinia. Miaka kumi na mmoja, mrefu, amevaa miwani. Alimsalimu kwa Kiingereza, kwa heshima ile anayopewa fundi wa mabomba. Mjukuu wa rafiki ni mjukuu, na neno lilimfika Kapambwe kwenye meno: mke wangu, umekua. Akalimeza pamoja na maji.

“Babu bado anakohoa?” mtoto aliuliza.

Mama yake akageuka. “Umejuaje kama anakohoa?”

“Nakumbuka tu,” Nkandu akasema, akachukua glasi, akatoka. Katebe aliigeuza simu yake kifudifudi juu ya paja.

Wakati wa kuaga Mwenya alimkumbusha mgeni vyombo vyake. Kapambwe akasema vikae hapo hapo, vitafunguliwa shauri likiisha. Akarudi Luanshya akiwa mwepesi kama kijana aliyekubaliwa.

Kwa Mwelwa hapakuwa na wepesi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, fimbo katikati ya magoti.

“Nikiri nini, Kapambwe?”

“Chochote. Kosa ni mlango, ndugu yangu. Ukishaingia ndani, nani anabaki kuutazama mlango?”

“Na kama ndani hamna watu?”

Kapambwe alimkumbusha Chisha, aliyekiri kuuza ng'ombe ambao hakuwahi kuwa nao, mkewe akarudi siku ya pili. Akamkumbusha na mwingine, na mwingine. Mama Katebe alikuwa akichambua matembele pembeni, na alisema bila kuinua kichwa kwamba huko Lusaka maneno hayasikilizwi, yanahifadhiwa.

“Mama Katebe,” Kapambwe akasema, amechomwa kidogo, “mimi nimefunga ndoa ngapi?”

“Nyingi. Zote ulizifungia watu waliokuwa wanakujua.”

Akaendelea na matembele yake. Mwelwa alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa kiganja.

“Andika,” alisema. “Pumzi ya kubishana sina, ninayo ya kumwona mtoto tu.”

Mwelwa hakujua kuandika. Kapambwe alijifundisha mwenyewe zamani, kwa kunakili maandishi ya masanduku ya baruti na matangazo ya hatari ya mgodini, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa walimu wengi wa leo. Jioni ile aliketi na karatasi. Kwanza aliandika alivyoambiwa: mimi Mwelwa nilimwita mjukuu wangu mke wangu, kwa utani, nimekosa. Akasoma. Ikawa nyepesi, kama mchuzi wa mgeni asiyetakiwa. Neno utani lilimkera zaidi, maana lilikuwa linajitetea, na mwombaji hajitetei. Akalikata. Kisha akaona hata lile jina lenyewe si la kutamkwa mbele ya madhabahu. Katika kazi yake, mtu alipojidhili ndivyo alivyoinuliwa, na kosa lilivyotajwa kubwa ndivyo msamaha ulivyokuwa mwepesi. Akachukua karatasi mpya, akaandika kwa herufi zilizosimama wima:

“Mimi Mwelwa, mbele ya Mungu na watu, nimemkosea mjukuu wangu Nkandu kosa kubwa lisilosemeka. Sina la kujitetea. Naomba nihurumiwe kama anavyohurumiwa mbwa.”

Akaisoma kwa sauti peke yake, akairudia. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Asubuhi Mwelwa aliitia alama ya kidole gumba bila kutaka kusomewa. Alimwamini.

Jumapili mzee wa kanisa aliwaita mbele. Mwelwa alivaa koti la arusi ya mwanawe, sasa linamning'inia. Kapambwe akasoma, polepole, kwa sauti yake ya ushenga inayojua pa kushuka. Alipomaliza, mzee wa kanisa alimuuliza Mwelwa kama hayo ni kweli. Mwelwa, ambaye ndiyo kwanza ayasikie, alimtazama rafiki yake. Kapambwe akamwashiria kwa kichwa akubali.

“Ni kweli,” Mwelwa akasema.

Kapambwe akaikunja karatasi, akasubiri. Hapa ndipo siku zote wanawake walipokuwa wakipiga vigelegele, mtu anapojishusha, na mmoja kutoka nyuma kurusha utani ili aibu iondoke. Katika mstari wa tatu mwanamke mmoja akamvuta binti yake mdogo, akampakata, akamfunika kichwa kwa kitenge. Mwingine akafanya hivyo hivyo. Kisha kilichosikika ni benchi tu, watu wakisogea.

Barua ilipigwa picha kwa simu pale pale kanisani, ikafika Lusaka kabla Mwelwa hajafika kwake.

Siku ya Alhamisi Katebe alikuja, mara ya kwanza kwa miaka mitano. Hakukaa. Alisimama uani na mfuko wa plastiki mkononi, Kapambwe yupo, Mama Katebe yupo mlangoni.

“Baba, lisilosemeka ni lipi?”

Mwelwa alikuwa akitafuta pumzi. Kapambwe akaanza kueleza kwamba yale ni maneno ya ushenga.

“Nimemuuliza Baba.”

“Hakuna, mwanangu,” Mwelwa akasema. “Hakuna kitu.”

“Basi mbona ulikubali?”

“Niliambiwa nikikubali atakuja.”

Katebe aligeuza uso akatazama banda la kuku. Alisema miaka mitano alikuwa akimwambia Mwenya si kweli. Kila walipogombana alisema namjua baba yangu. Sasa baba yake ametia kidole. Amwambie nini? Na wakati anasema hayo alikuwa analia, lakini machozi hayakuwa ya kumtetea mtu. Alikuwa amekwisha kuanza kufikiri. Wote waliona jinsi alivyomtazama baba yake mikononi.

Akamwambia mama yake asikae na simu tena mwisho wa mwezi. Akauweka mfuko chini, akaenda zake. Ndani yake zilikuwa sahani mbili, moja imeifunika nyingine, kitambaa hakijafunguliwa.

Kapambwe hakulala mpaka alipokwenda kwa wazee wa kanisa. Aliwaeleza mchuzi mwepesi na mchuzi mzito, neno utani alivyolikata, kwa nini alilikata. Wazee wale nusu yao aliwaoza yeye. Walimsikiliza kwa uchovu. Wakasema barua aliiandika yeye, Mwelwa alikubali, kanisa lilisikia. Hao watatu watasema uongo kwa faida ya nani? Mmoja, ambaye zamani alikiri mbele ya Kapambwe wizi wa uongo ili arudishiwe mke, alitazama viatu vyake.

Akapanda tena kwenda Lusaka. Mlinzi hakufungua. Sauti ya Mwenya ilitoka kwenye kijisanduku ukutani, ya upole kama siku zote. Kapambwe aliinama akakiambia kile kijisanduku kila kitu, akaapa kwa makaburi ya kwao.

“Baba, nakushukuru,” kikasema. “Bila wewe ningeendelea kujiuliza maisha yangu yote. Sasa najua.”

Mtaa haukumpiga Mwelwa mawe. Mawe yangekuwa na heshima. Watoto walizoea kupita uani kwake kufupisha njia ya shule. Sasa walizungushwa na mama zao kwa barabara ya juu. Aliacha kukaa barazani kwa kuwa alipokaa, nyumba ya jirani ilifunga madirisha, mchana wa joto. Mama Katebe alipokwenda bombani walimwachia nafasi kubwa kuliko ndoo yake. Siku moja mwanamke ambaye Mama Katebe mwenyewe alimzalisha watoto wake wawili wa mwisho alimuuliza kwa sauti tamu:

“Mke mwenza hajambo, bibi?”

Wengine wakacheka ndani ya viganja. Mama Katebe alijaza ndoo, akajitwisha, akaondoka. Tangu siku hiyo alichota maji alfajiri. Na neno lile, ambalo bibi za bibi zao walilifanyia mchezo, likafa pale Mpatamatu. Babu wengine waliwaonya wake zao wasithubutu. Mjukuu akaitwa mjukuu, kwa jina lake la cheti, kwa umbali wa kiti.

Kapambwe aliendelea kwenda Jumapili. Mwelwa hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Walikaa chumbani, dirisha limefungwa. Mara moja tu Mwelwa alisema, kama anayekumbuka habari ya mgodini:

“Ulisoma vizuri siku ile.”

Mwisho wa kila mwezi Mama Katebe alikaa na simu mapajani vile vile, tangu asubuhi. Kapambwe alimwona, akaangalia pembeni.

Mwelwa alikufa mwezi wa Februari katika mvua. Kwa Wabemba maiti huzikwa na ukoo wa watani, nao huja na matusi yao: humwita marehemu mlafi, humdai tumbaku, hujilaza kaburini wakisema shimo ni dogo kwa tumbo lile, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Walikuja wanne. Walichimba, wakashusha, wakafukia, bila neno. Na mjukuu wa kike, mke mdogo, ndiye hulala njiani kulizuia jeneza la mume wake mpaka apewe chochote, hata shanga. Njia ilikuwa wazi. Jeneza lilipita moja kwa moja.

Katebe alikuja peke yake, akalipia kila kitu, akasimama mbali, akaondoka kabla udongo haujakauka kwenye viatu vyake.

Baada ya maziko waliobaki walirudi uani: wale wachimba kaburi wanne, wazee wawili wa kanisa, Kapambwe. Mama Katebe alikuwa amemchinja jogoo wake mweupe, wa mwisho. Aliwagawia watu ugali na nyama. Kisha akatoka jikoni na sahani mbili za bati zenye ukingo wa buluu, moja imeifunika nyingine. Zilikuwa kwake tangu Alhamisi ile, maana Kapambwe hakuwa na uso wa kuziomba. Alikuja mpaka mbele ya mshenga, akapiga magoti kwenye matope kama apigavyo mwanamke mbele ya mgeni wa heshima, akaziweka chini, akapiga makofi mara tatu.

Kapambwe alizitazama. Watu wote waliacha kutafuna. Sahani zikiwekwa mbele yako, unafungua au unazirudisha. La tatu hakuna. Akafungua.

Firigisi, imekaangwa vizuri, nzima, haikukatwa vipande.

“Kula, mshenga,” Mama Katebe akasema. “Shauri limekwisha.”

Chakula cha mfiwa hakikataliwi. Kapambwe aliichukua kwa vidole, akaitia kinywani. Ilikuwa ngumu, firigisi ya jogoo mzee, na meno yake yalikuwa machache. Mama Katebe hakuinuka. Alibaki pale amepiga magoti, mikono imekutana, anamtazama akitafuna, mpaka akameza.